Maziwa Yalirudi, Mtoto Hakuwepo

Kama leo umeketi kwenye benchi la zahanati, mkoba mapajani, na watu wa kwenu wamekaa huku na huku kana kwamba utaruka dirishani, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sina dawa ya kukupa. Nina yale tu yaliyonipata, na nitayasema yote, hata yale ambayo mume wangu angependa niyaruke. Aliniambia, "Andika, lakini ya maziwa uache." Ya maziwa nitayaandika.

Tulikaa Dilala, hapa Kolwezi, katika nyumba za kampuni ya migodi, zile za matofali zilizopangwa mistari, kila moja na bomba lake uani. Banza, mume wangu, alikuwa fundi wa pampu. Kila mwezi tulipokea mposho, yaani unga, samaki na mafuta kutoka kwa kampuni, na tulitibiwa bure kwenye zahanati yake. Ndugu zetu wa vijijini walituonea wivu, nasi tulikuwa na majivuno kidogo, sikatai.

Nilipojifungua mapacha, jina langu la zamani liliisha. Kwetu Waluba, mama wa mapacha anaitwa Mama Mapasa, na hata mwenye duka humwita hivyo. Watoto nao majina yao hayachaguliwi na mtu, yanakuja pamoja nao: mkubwa ni Kiungu, mdogo ni Kabange. Wangu wote walikuwa wasichana. Mapacha wana sheria zao. Ukinunua gauni, nunua mawili. Ukimpa mmoja ndizi, mwekee na mwenzake, hata kama amelala. Nyimbo zao zina matusi ndani, na siku ya kuwaimbia, mchungaji wa kanisa letu alijifanya anatafuta kitu katika Biblia yake ili asisikie. Nilikuwa na furaha miezi ile. Nilinenepa, nilikuwa na maziwa ya kutosha nyumba mbili, na nilikwenda sokoni mmoja mgongoni na mmoja kifuani, nikitembea polepole makusudi ili watu watuone.

Surua iliingia mtaani wakati wa kiangazi, asubuhi zilipokuwa na baridi na vumbi la migodi limekaa juu ya kila kitu. Iliwakamata wote wawili. Kiungu alipona. Kabange hakupona.

Pacha akienda, kwetu hakuna anayelia. Hatusemi amekufa. Tunasema ametembea. Ukimlilia, yule aliyebaki atasikia anaitwa, naye atafuata. Kwa hiyo wanawake walikuja na udongo mweupe, wakanipaka mikononi na usoni, wakaimba nyimbo zile zile za matusi tulizoimba siku walipozaliwa. Wifi yangu Ngoie alifika kutoka Sandoa. Yeye ni dada mkubwa wa Banza, na kwa heshima namwita Ya Ngoie, ameolewa na mfanyabiashara wa huko, na Mungu hakumjalia mtoto. Aliniona midomo inatetemeka, akanishika kidevu.

"Mama Mapasa, usitoshe machozi. Ukilia, Kiungu naye ataenda. Imba."

"Nitaimba namna gani, Ya Ngoie?"

"Imba tu. Ata mubaya, imba."

Niliimba. Nilicheza hata. Uchungu wote ulibaki ndani, nikaumia mpaka kwenye meno, na sikudondosha chozi hata moja, kwa sababu nilimpenda yule aliyebaki. Watu walinisifu kwamba nina moyo.

Usingizi ndio uliokwenda kwanza. Halafu hamu ya kula. Halafu maziwa yakakauka, na Kiungu akawa mtoto wa uji. Kisha nikaanza kumsikia Kabange ndani ya bomba la uani. Siku hizo maji yalitoka asubuhi tu, na kabla hayajatoka, bomba lilikoroma na kupiga mluzi. Kila mtu mtaani alisikia hivyo. Mimi nilisikia mtoto. Nililaza sikio juu ya chuma, nikamjua kwa namna yake ya kulia, ile ya kukatakata, maana Kiungu hulia kwa mfululizo. Niliacha kupika. Niliacha bomba wazi mchana kutwa lisije likafungwa naye akiwa ndani, na jirani zetu wakaanza kulalamika kwamba uwanja wetu umekuwa matope.

Banza alinipeleka zahanati. Mara moja kwa mwezi kulikuwa na kliniki ya watu wa kichwa, katika chumba cha mwisho, karibu na mzani wa kupimia watoto. Sijui nani alipanga hivyo. Akina mama waliokuja kupima watoto walikaa benchi moja nasi, na wakishajua unaingia mlango upi, walisogea kidogo kidogo, wakakuachia nafasi ambayo hukuiomba. Nilijifunza kukaa mwishoni kabisa ili wasihangaike.

Muuguzi wa chumba kile aliitwa Tata Kalenga; tata kwetu ni baba. Alikuwa mtu mnene, wa polepole, mwenye viatu vilivyong'arishwa kuliko vya daktari yeyote. Aliniuliza, "Unalala?"

"Ninalala."

"Mama Mapasa, mi niko Muluba sawa weye. Usinidanganye. Unalala?"

Nikamweleza habari ya bomba. Yeye peke yake. Banza alijua sina usingizi, alijua bomba linaachwa wazi, lakini nilichokisikia humo nilimwambia Tata Kalenga tu. Hakucheka, wala hakuniambia kwamba haiwezekani. Alinipa vidonge. Vidonge vilifanya ulimi uwe mzito na mikono itetemeke hata nikamwaga chumvi ya mboga, na vilifanya bomba linyamaze. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Nikivimeza, simsikii mwanangu. Nikavificha chini ya ulimi, Banza akigeuka nikavitema kwenye matope ya uani. Kila mwezi Tata Kalenga alinitazama machoni, nadhani alijua, na kila mwezi aliniongezea.

Mvua zilipoanza, bomba liligeuza maneno. Kabange hakulia tena, alimwita dada yake. Niliona jambo hilo ni la haki. Hawa wawili hawakuwahi kutenganishwa, na mimi mama yao nimekaa na mmoja kama mchoyo. Mabomba yote ya mtaa wetu yalianzia kwenye tangi kubwa la maji kule kilimani. Nikamwambia Tata Kalenga kwamba nitampeleka Kiungu tangini akaonane na mwenzake. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema atapitia sokoni.

Aliweka kalamu chini. "Siku gani?"

"Siku mvua itakatika kidogo."

Alitazama kalenda ya ukutani. Halafu akasema, "Alhamisi ulete Kiungu hapa kwanza. Tumupime kilo."

Alhamisi ile nilimvika Kiungu gauni lake, na gauni la pili nikalikunja ndani ya kikapu pamoja na vijiko viwili na vikombe viwili, kama mama yeyote wa mapacha afanyavyo, awe mzima au mgonjwa. Banza alinisindikiza. Ngoie pia, ambaye alikuwa bado kwetu. Banza alivaa shati lake la kanisani, na hilo peke yake lingetosha kunishtua kama akili yangu ingekuwa mahali pake, maana yule mume wangu huenda zahanati na suruali ya kazi.

Ndani nilimkuta daktari nisiyemjua, kijana aliyeletwa kutoka Kinshasa, aliyesema Kifaransa na Lingala tu. Muuguzi peke yake hakuwa na uwezo wa kumpeleka mtu hospitali ya wagonjwa wa akili kwa nguvu. Ilibidi daktari aseme na mume akubali. Mimi sikujua hayo. Nilidhani amekuja kwa ajili ya kilo za mtoto. Daktari aliniita citoyenne, yaani mwananchi, kama tulivyoitwa wote miaka hiyo, na Tata Kalenga akawa anatafsiri.

"Docta anauliza, uko na batoto bangapi?"

"Babili."

"Beko wapi?"

"Kiungu ni huyu mu mugongo. Kabange alitembea."

"Docta anauliza, atarudia lini?"

"Ile hatuisemake."

Daktari akanyoosha kidole kwenye kikapu. Gauni la pili ni la nani? Nikasema la Kabange. Na kijiko? Cha Kabange. Na unamwekea chakula? Namwekea. Kila jibu langu lilikuwa sahihi. Mwanamke yeyote kwenye benchi lile la nje angejibu hivyo hivyo, na mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuugua hata malaria kali, angejibu hivyo hivyo. Daktari aliandika haraka, akitikisa kichwa kwa huruma. Nikamtazama Tata Kalenga, nikingoja amweleze kwamba hii ni desturi ya mapacha, sentensi moja tu. Alitafsiri neno langu kwa neno, hakuongeza hata moja, kisha akatazama viatu vyake.

Wanaume wawili wa zahanati waliingia. Ngoie aliingia nyuma yao, akapita nyuma yangu, na kabla sijageuka nikasikia fundo la kitambaa linafunguliwa kifuani kwangu na uzito unatoka mgongoni. Nimechomwa sindano nyingi maishani, nimezaa watoto wawili siku moja, lakini kama unaniuliza ni nini kilichouma zaidi, ni mgongo ule kupata upepo. Kiungu alilia kwa mfululizo wake. Nilimng'ata mmoja wa wale wanaume. Nasikia ana alama mpaka leo, na bado sijamwomba radhi.

"Ni juu ya muzuri yako," Banza alisema kutoka mlangoni. Alikuwa akilia. Yeye aliruhusiwa.

Nakumbuka kidogo tu safari ya Lubumbashi. Gari la wagonjwa la kampuni, mvua juu ya bati, mkono wangu umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa bendeji, si kwa kamba. Yule muuguzi aliyenifunga aliniambia hivyo kana kwamba ni zawadi, na sasa naona ilikuwa zawadi kweli.

Wodi ya wanawake ilikuwa na ua wenye ukuta na mstari wa mabomba. Walininyoa nywele kwa ajili ya chawa. Walinichoma sindano ambazo hazitemwi chini ya ulimi. Shingo ilivutika upande mmoja, taya likakaza, nikatembea bila kuzungusha mikono kama askari aliyesahau muziki. Mate yalinitoka. Nilinenepa upya, unene mwingine usio wa furaha. Nilimwona mwanamke dirishani, uso wa duara, macho hayasogei, nikamsikitikia, kisha nikainua mkono na yeye akainua wake.

Rafiki yangu mle ndani alikuwa Mama Zaina, mke wa mwenye malori, Mwislamu ambaye ukoo wao ulitoka Kasongo. Alikuwa amelazwa kabla yangu na alijua kila kitu: sufuria ipi ina nyama, muuguzi yupi anaogopa mvua. Aliswali juu ya taulo ya hospitali, na mwendawazimu mmoja akijaribu kukanyaga taulo ile, Mama Zaina alikatiza sala, akamfukuza kwa kandambili, akaanza tena upya. Alinichekesha siku ambazo nilidhani sitacheka tena.

Maziwa yalirudi katikati ya mvua. Niliamka gauni la hospitali limelowa mahali pawili, nikafikiri ni mvua imepita kwenye paa. Kisha nikahisi ule mvuto, ambao kila mwanamke aliyenyonyesha anaujua, wa titi linalosikia mtoto anakaribia. Nilishuka kitandani nikakimbia mlangoni. Nilijua wanangu wamefika. Nilijua wote wawili wamefika, maana maziwa yalitoka pande zote mbili. Nilipiga mlango mpaka muuguzi akaja, nikafungua gauni kumwonyesha, niko na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu surua.

"Ni dawa, mama," alisema. "Ile sindano inafanyaka vile. Rudia ku kitanda."

Nilikaa sakafuni pale pale. Maziwa yaliendelea. Hayakujua.

Mama Zaina alikuja, akachana kitenge chake mwenyewe, kizuri, cha rangi ya kahawia, akanifunga kifua kwa nguvu mpaka pumzi ikawa fupi. "Mi naye ilinitokeaka, dada," alisema. "Na mi sikukuwa ata na mutoto. Basi niliaibika sana, mupaka niko sawa mbuzi." Alikaa nami sakafuni. Kila asubuhi alinifungua, akanikamulia kwenye beseni, akanifunga tena, na beseni alilimwaga yeye mwenyewe, mahali ambapo sikupaona.

Banza alikuja mara chache, kila alipopata ruhusa kazini na nafasi ndani ya treni. Tulikaa kwenye chumba cha wageni, meza katikati, yeye akiwa na shati lile lile la kanisani. Nilimuuliza Kiungu anakula nini.

"Iko Sandoa. Ngoie alimubeba."

"Ulimuruhusu?"

"Mi niko mu kazi muchana na usiku. Nani angemulinda?"

Ilikuwa kweli. Kisha akaniambia lile lililokuwa linamkaa kooni. Tata Kalenga alikuwa amemweleza habari ya tangi, ili akubali nipelekwe Lubumbashi. Naye alikuwa amemweleza dada yake. Alisema hayo huku akipanga ndizi alizoniletea, akiziweka sawasawa, moja kando ya nyingine. Nilimwona ananiogopa, na yule ni mwanaume ambaye hushuka kwenye mashimo ya pampu bila kofia.

Sijui ni asubuhi ipi hasa nilipona. Tulikuwa tunaoga kwenye mstari ule wa mabomba, mvua zinakwisha, baridi ya kwanza imeingia. Bomba langu lilikoroma kabla maji hayajatoka. Nikaliinamia. Lilikuwa bomba. Nikasogea kwenye la pili, na la tatu, na wanawake wakanipisha. Maji, hewa, chuma. Watu hudhani siku ya kupona ni siku ya sherehe. Siku ile ndiyo Kabange alikufa kwangu, na sikuwa na udongo mweupe wala mtu wa kuniimbia. Mama Zaina aliponiuliza nina nini, nilimwambia maji ni baridi.

Walinirudisha Kolwezi wakati wa kiangazi. Masharti yalikuwa kwamba kila mwezi niende kuchomwa sindano katika chumba kile kile cha mwisho, kwa mtu yule yule. Mara ya kwanza nilimgeuzia tako bila kumsalimu. Alichoma, akapaka pamba, akabaki amesimama na sindano mkononi.

"Uko na hasira na mi," alisema.

"Ulijua desturi. Ungemuambia ule docta neno moja tu."

"Ndiyo. Ningemuambia, angekurudisha ku nyumba, na mvua ilikuwa inakatika."

"Basi ungemuambia ukweli. Ungemuambia ya bomba. Ya tangi."

Aliketi. Kiti kililia chini yake. "Mama Mapasa, ningemuambia ya tangi, angeandika ya kama unataka kuua mutoto. Ile neno ikiisha kuandikwa, haitokake. Polisi atakuya, juge wa kukata kesi atakuya, na lopitalo haitakuachilia. Ya mapasa, aliandika unaona mutoto mufu sawa muzima. Ile, banaponyaka na banarudia kwabo. Nilichagua ile ya kurudia."

Walinikamata kwa kitu ambacho hakikuwa ugonjwa, ili wanitibu kitu ambacho hakikutajwa. Ningependa kukuambia kwamba nilimshukuru. Nilivuta sketi yangu, nikatoka, na kwa miezi mingi nilikuwa nikimchukia na kumgeuzia tako kwa utaratibu, na mwanangu alikuwa hai. Yote hayo yalikuwa kweli kwa pamoja na sijui kuyapanga vizuri zaidi ya hapo.

Karatasi ya daktari Tata Kalenga aliweza kuilinda. Hofu ya ndugu, waliokwisha kusikia ya tangi, hakuweza kuizuia.

Nilipopata nguvu, nilipanda lori la wafanyabiashara kwenda Sandoa kumchukua mwanangu. Barabara ilikuwa mbaya. Tulishuka kusukuma mara nyingi kuliko tulivyokaa. Nilimkuta Kiungu uani kwa Ngoie, amenenepa, nywele zimesukwa safi, anatembea na kusema maneno mengi ambayo hakuna hata moja nililomfundisha. Aliniona akajificha nyuma ya kitenge cha shangazi yake, akachungulia kwa jicho moja.

"Salimia mama," Ngoie alisema.

Kiungu akamtazama Ngoie usoni na kumsalimia yeye.

Tulikaa jikoni, Ngoie akichambua sombe, yale majani ya muhogo, mimi nikimsaidia kwa vidole vyangu vya kutetemeka. Hatukupigana. Kupigana kungekuwa rahisi.

"Sikukuibia mutoto," alisema.

"Najua, Ya Ngoie."

"Ukiacha sindano?"

"Siachi."

"Ata bile bidonge bya kwanza ulisemaka haubiache." Aliendelea kuvunja mashina ya majani. "Mi sina niliyezaa. Huyu nilimukuta anakuita kila siku. Anaita, anaita, mupaka kisha akaacha. Siku aliacha, mi ndio nililia."

Nilikaa kwao siku kadhaa nikimzoea mtoto taratibu, kama unavyomzoea kuku mgeni: unaweka chakula, unageuka upande. Alianza kunikaribia. Alinigusa mkono, akaucheka unavyotetemeka, akautetemesha wake kuniiga. Nilifikiri, hapa tutafika, nitaondoka naye. Lakini siku moja dereva wa lori alisimama nje ya ua akapiga honi ndefu, na Kiungu, ambaye alikuwa akicheza miguuni pangu, akashtuka akapiga kelele. Nilifungua mikono. Alikuwa karibu yangu kuliko mtu mwingine yeyote. Alinipita. Alikimbia ua mzima mpaka jikoni kwa Ngoie, akamkumbatia goti, na Ngoie akabaki ameinua mikono yenye sombe, akinitazama mimi, hathubutu kumshika mbele yangu.

"Mushike," nilimwambia.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Baadaye wazee wa upande wa Banza walikaa, wakazungumza kwa heshima, wakasema mtoto abaki Sandoa, na likizo kubwa aje Kolwezi. Waliniuliza kama nakubali. Walishachelewa, nilikuwa nimekubali uani.

Nilirudi juu ya magunia ya muhogo. Lori lilipotoka tu Sandoa nililia, tangu daraja la kwanza mpaka jua limekwenda upande wa pili, kwa sauti, mdomo wazi. Abiria mmoja, mwanamke wa makamo, aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, mutoto wangu iko muzima. Alinipa ncha ya kitenge chake nijifute, akaniacha nilie.

Miaka kadhaa imepita. Bado nachomwa sindano. Shingo ilinyooka, maziwa yalikauka walipobadilisha dawa, mkono wa kulia bado unatetemeka nikichoka. Banza na mimi tunaishi pamoja. Siku hizi ananitazama kama mke, si kama bomu, ingawa bado mimi ndiye ninayemtajia siku ya sindano, ili asione haya kuulizia. Mama Zaina alitoka, alinitumia kitenge cha kahawia kupitia lori la mumewe. Tata Kalenga, aliyehamishiwa chumba cha vidonda, nimemsalimia mwaka huu, akafurahi kama mtoto, na mimi nikajifanya nimekuja kwa sababu ya mguu.

Wewe uliyeketi pale kwenye benchi, sina mengi. Desturi zenu, mweleze daktari mapema, ukiwa bado na sauti ya kawaida. Meza dawa hata kama inanyamazisha sauti unayoipenda. Na kabla ya mlango ule kufunguliwa, sema kwa mdomo wako mwenyewe nani atamshika mtoto, na kwa muda gani, na umwambie mtoto pia, hata kama hajui kusema. Mimi sikupata nafasi hiyo.

Kiungu anasoma sasa. Alikuja likizo kubwa iliyopita, mrefu, ana mwanya kama wa baba yake. Alikuwa uani na watoto wa jirani, nami nilikuwa ndani nikisonga bukari, yaani ugali, nikasikia mmoja wao anamuuliza yule mwanamke mwenye kutetemeka ni nani yake.

"Ni mama ya Kolwezi," alijibu.

"Kwani uko na bamama bangapi?"

"Mama ni ya Sandoa. Huyu ni ya Kolwezi."

Halafu akaniita kwa sauti, kwa jina langu hilo lote, aulize kama chakula kimeiva. Nikaitika.